Nani alikata simu?

Wasikilizaji wetu wa zamani watakumbuka jioni ile ya Machi 2024. Kipindi cha kutafutana kilikuwa karibu kwisha. Nilikuwa nimesoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao tangu mapigano ya karibu na Sake ya mwezi wa pili, yale yaliyosukuma watu wengi kuja Goma na wengine kushuka upande wa Minova. Jina la mwisho kwenye karatasi lilikuwa la mtoto wa kiume wa miaka saba. Mama yake, aliyekuwa kambini Bulengo, ndiye alikuwa anamtafuta. Nikafungua laini, sauti ya mwanaume ikaingia, ya mbali, na upepo mwingi ndani yake:

— Mi nasikia munataja huyo mutoto. Huyu mutoto iko huku kwangu. Niko naye tangu...

Kisha kimya.

Nikasema maneno niliyozoea kusema: "Rezo imekatika, wasikilizaji wapenzi. Ndugu yetu, jaribu tena." Tulingoja. Hakuna simu iliyoingia. Ilipofika saa moja kamili taarifa ya habari ikaanza, na mimi nikaenda nyumbani kula.

Asubuhi yake nilikuta mama mmoja mlangoni pa redio. Alikuwa ametembea kutoka Bulengo na mtoto mchanga mgongoni. Alikataa maji, alikataa kiti.

— Mwanangu, ule mutu wa jana, munipatie namba yake nimupigie.

Nilimwambia kwamba hatuna namba.

— Simu iliingia kwenu. Namba inakosaka namna gani?

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka kumi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikamwomba aketi, nikamwita fundi.

Fundi wetu ni kijana aliyesoma informatiki. Yeye ndiye aliyetuwekea mtambo wa simu za intaneti, maana mtambo wa kweli wa studio ni ghali kuliko redio yenyewe. Kuna kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani, na pembeni yake sanduku lenye kadi nne za SIM na antena nne. Msikilizaji anapiga namba yetu ya kawaida, simu inaingia kwenye sanduku, sanduku linaipeleka kwa kebo hadi kwenye kompyuta, na kompyuta inaamua iingie studio, ingoje kwenye foleni, au iende kwa mpokezi. Sauti haipiti tena kwenye waya wa simu, inapita kama data. Ndiyo maana ya simu ya intaneti, hata siku ambayo mfuko wetu wa intaneti yenyewe umeisha.

Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa Asterisk. Ilianzishwa mwaka 1999 na kijana wa Marekani, Mark Spencer, ambaye alihitaji mtambo wa simu kwa biashara yake ndogo, akakosa fedha za kuununua, akaamua kuuandika mwenyewe. Haiuzwi, inatolewa bure. Bila hiyo redio maskini kama yetu ingekuwa bado inaweka simu ya mkononi mbele ya kipaza sauti.

Basi fundi akafungua daftari la simu. Asterisk huandika mstari mmoja kwa kila simu: nani alipiga, alipiga wapi, simu ilianza saa ngapi, ilijibiwa saa ngapi, iliisha saa ngapi, ilidumu sekunde ngapi. Mwishoni kuna neno moja la kufunga habari. Mstari wetu tuliuona. Sekunde 38, na neno ANSWERED, maana yake ilijibiwa.

Lakini mahali pa namba ya aliyepiga paliandikwa jina la sanduku letu. Tukapanda juu kwenye mistari mingine, kote jina lile lile. Kwa macho ya kompyuta, watu wote wa Kivu waliowahi kutupigia walikuwa mtu mmoja, naye ni sanduku lililo mezani. Hakuna aliyekuwa ameliagiza sanduku lipitishe namba ya mpigaji. Lenyewe huweka kwa muda orodha ya simu za mwisho, ila umeme ulikuwa umekatika usiku na orodha ikaenda nao.

Jambo la pili lilikuwa saa. Mstari ulisema simu iliingia 16:21, yaani saa kumi na dakika 21. Mimi nilikuwa studio, najua ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kama 40. Fundi akacheka kwa aibu. Kompyuta aliiweka kwenye saa ya Kinshasa, na sisi wa mashariki tuko mbele yao kwa saa moja. Tena kompyuta ya namna hii haina saa yenye betri ndani. Umeme ukikatika, saa yake inasimama. Umeme ukirudi, inaendelea pale ilipoachia, mpaka intaneti iirekebishe. Siku ile intaneti haikuwepo, na umeme ulikatika mchana zaidi ya saa nzima.

La tatu ndilo lililoniumiza. Nilimuuliza fundi: nani alikata? Ni yeye, ni rezo, au ni sisi? Akasema daftari hili halijui. Linajua kwamba simu ilijibiwa, na kwamba iliisha.

Nikatoka kumweleza mama yule ukweli, pale uani. Nilimwambia kosa ni letu, kwamba mashine yetu haikuwekwa vizuri, na kwamba mtu yule tutamwita kila jioni mpaka ajibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Sawa. Lakini musiseme tena ni rezo." Kisha akafunga kitambaa mgongoni na kurudi njia aliyokuja nayo.

Kazi ilituchukua jioni tatu, baada ya kipindi. Nataka kuieleza, kwa sababu najua kuna redio nyingine za jamii zinazotumia mtambo kama wetu, na pengine zinaishi na upofu ule ule.

Tulianza na sanduku: mpangilio mmoja tu, na namba za watu zikaanza kuonekana. Kisha saa: tulinunua kipande kidogo chenye betri ya duara, kama ile ya saa ya mkono, fundi akakichomeka kwenye kompyuta, na akabadilisha eneo la saa kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, ambayo ndiyo saa yetu. Bila saa ya kweli, daftari lolote ni hadithi tu.

Ndipo tukafika kwenye daftari la matukio. Hili ni tofauti na lile la kwanza. Daftari la simu linaandika simu ikiwa imekwisha kufa, mstari mmoja, kama cheti cha kifo. Daftari la matukio linaandika kila hatua wakati inatokea. Limekuwemo ndani ya Asterisk tangu toleo la 1.8 la mwaka 2010, lakini halifanyi kazi mpaka uliwashe. Katika faili la mipangilio, cel.conf, kuna neno enable, na usipoligusa jibu lake ni hapana. Fundi akaandika ndiyo. Chini yake akaorodhesha matukio tunayoyataka: laini kufunguka, simu kujibiwa, mtu kuunganishwa na studio, mtu kutolewa studio, simu kukatwa, laini kufungwa. Katika faili la pili akachagua nguzo za kuandika: saa, aina ya tukio, namba, laini, na namba ya pamoja. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Simu moja ya msikilizaji ina miguu miwili, mmoja kutoka kwenye sanduku na mwingine kwenda studio, na namba ya pamoja ndiyo inayoonyesha kwamba miguu hiyo ni ya mwili mmoja.

Akapakia upya, akaandika amri ya kuuliza kama daftari limewashwa, jibu likaja kwamba limewashwa. Mimi nikadhani tumemaliza. Fundi akasema: "Bado, kaka. Toka nje unipigie."

Nikasimama uani gizani na simu yangu. Mara ya kwanza tuliongea kidogo, mimi nikakata. Mara ya pili yeye ndiye aliyekata, kutoka studio. Mara ya tatu nilichomoa batri ya simu yangu nikiwa katikati ya neno. Kisha nikaingia ndani, tukasoma pamoja. CHAN_START, mlango umefunguliwa. ANSWER, tumeitikia. BRIDGE_ENTER, mtu ameingia studio. HANGUP, simu imekatwa, na pembeni yake laini iliyokuwa ya kwanza kukata. Mara ya kwanza iliandikwa laini ya sanduku. Mara ya pili iliandikwa simu ya studio. Mara ya tatu iliandikwa sanduku tena, lakini baada ya sekunde kadhaa za kimya. Nilikuwa nasoma maisha ya simu yangu kama mtu anayesoma hatua za miguu kwenye matope.

Wiki ya kwanza daftari lilitufundisha vitu viwili, na kimoja hakikutufurahisha.

Jioni moja wasikilizaji watatu walikatika karibu na saa moja, na mtangazaji mwenzangu akasema hewani kwamba rezo ni mbaya. Kesho yake tukafungua daftari. Zote tatu zilikatwa na simu ya studio, moja baada ya nyingine, katika dakika mbili za mwisho. Ni sisi. Mwenzangu alikuwa anaweka simu chini haraka ili habari zianze kwa wakati. Hakufanya kwa ubaya, hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini watu wale walingoja kwenye foleni, pengine kwa yunite za kuazima, nasi tukawafungia mlango na kuusingizia mtandao. Tangu siku hiyo tunafunga foleni dakika tano kabla ya saa moja, na aliyebaki ndani anaambiwa tutampigia kesho. Namba yake tunayo.

Cha pili kilikuwa mistari mifupi. Mlango umefunguliwa, kisha simu imekatwa, sekunde mbili au tatu, bila ANSWER. Ilikuwa mingi, hasa jioni. Fundi alitaka kuichuja ili daftari lisijae. Nikamwambia angoje, kwa sababu niliitambua. Ni bipu. Mtu hana yunite, anaita mara moja na kukata, ili umrudishie. Kambini kila mtu anaishi hivyo. Kumbe watu walikuwa wanatuita kila siku, nasi hatukuwa tunasikia chochote, kwa sababu mtambo ulipanga simu kwenye foleni na bipu ilikufa kabla ya mlio wa kwanza kufika studio.

Namba moja ilibipu kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, mara mbili mara tatu. Siku ya nne tukairudishia.

— Eh, redio! Miye nilifikiri mulinikatalia.

Sauti niliijua kabla hajamaliza. Alikuwa Minova. Siku ile yunite zilimwishia katikati ya sentensi, na hakuwa na franka za kununua nyingine. Kwa hiyo tulijua hatimaye nani alikata simu. Si sisi, na wala si rezo. Daftari peke yake lisingeweza kutuambia, kwa kuwa yunite zikiisha mtandao unafunga simu kwa utaratibu wa kawaida, kama mtu aliyekata mwenyewe. Lakini ndilo lililotuonyesha namba ya kupiga.

Nikatuma ujumbe Bulengo. Mama akaja, safari hii akakubali kiti. Tuliwaunganisha kwa simu, nje ya hewa, kwa sababu mambo mengine si ya kutangaza. Mtoto akapewa simu. Jina lilikuwa lile lile, miaka ile ile. Mama akamuuliza jina la dada yake mdogo. Mtoto akajibu jina lingine. Akamuuliza tena, taratibu, mbuzi wao alikuwa na rangi gani. Mtoto akasema kwao hakukuwa na mbuzi.

Mama akakaa kimya. Kisha akamwambia mwanaume yule:

— Si wangu, papa. Lakini umulishe vizuri. Mama yake iko fasi fulani.

Nilitaka kumwomba msamaha kwa kumpa tumaini. Akanizuia. Alisema wiki zile mbili, kati ya sauti kukatika na simu ile, zilikuwa mbaya kuliko kujua. Usiku alikuwa anamaliza mwenyewe ile sentensi ya mtu yule, kila usiku kwa namna nyingine.

Jioni hiyo tulisoma upya habari za mtoto wa Minova, safari hii na jina la dada yake na kijiji alichotaja. Wiki tatu baadaye shangazi yake akapatikana Kanyaruchinya. Barabara ya Sake hadi Minova ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mtoto aliletwa kwa njia ya ziwa. Na simu ya shangazi haikuwa simu, ilikuwa bipu. Ingekuwa miezi miwili kabla, isingeonekana na yeyote.

Sasa naomba mnisikilize kwa upande wa pili wa jambo hili.

Baada ya muda, mtu mmoja alikuja redio, amevaa vizuri, anaongea kwa upole. Alisema anafanya utafiti na angependa kuona orodha ya namba za watu wanaotupigia, na wanapokaa. Hakuonyesha karatasi yoyote. Tulimwambia orodha haipo. Alipoondoka nikamtazama fundi, naye akanitazama. Orodha ilikuwepo. Tuliijenga sisi wenyewe kwa jioni tatu: namba, tarehe, saa. Katika nchi ya vita, karatasi inayosema nani alimpigia nani jioni gani inaweza kumwondoa mtu nyumbani kwake usiku.

Tulifanya mkutano, wafanyakazi wote, mpaka mlinzi. Wengine walisema tuzime daftari. Mimi nilikataa, kwa kuwa nilimkumbuka mama yule na swali lake. Tukakubaliana hivi. Namba kamili inakaa siku saba, inatosha kurudishia bipu na kukagua makosa yetu. Siku ya nane programu ndogo inafuta tarakimu sita za mwisho, yanabaki matukio na saa tu. Inafuta katika madaftari yote mawili, na orodha ya sanduku pia inasafishwa. Diski imefungwa kwa neno la siri linalojulikana na watu wawili. Na hewani tunasema wazi kila jioni: namba yako tunaiweka siku saba. Usipotaka, mwambie mpokezi, inafutwa papo hapo. Namba za familia zinazotafuta watoto tuliziandika pembeni, kwenye karatasi moja, kwa ruhusa yao.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, tulikuwa na muda mfupi studio kabla ya kutoka. Watu walikuwa wanabeba vipaza sauti na betri. Fundi alikaa mbele ya kompyuta dakika chache tu, kwa sababu kulikuwa na siku saba pekee za kufuta. Kama tungekuwa na mwaka mzima wa namba za watu wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, sijui kama ningelala tena. Ile karatasi ya familia niliichoma mwenyewe, ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya choo.

Kambi zile zilivunjwa wiki chache baadaye, watu wakatawanyika. Na mama wa Bulengo nikampoteza. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi niliyoichoma. Mtoto wake hatukuwa tumempata. Kanuni iliyomlinda ndiyo iliyonitenganisha naye, na bado naamini ilikuwa kanuni nzuri. Watu wananiuliza kama nina majuto. Ninayo.

Mtambo sasa unafanya kazi tena. Daftari linaandika, saa yake ni ya kweli. Ninyi mlio Masisi mliorudi mashambani, mlio Minova, mlio kwa ndugu mitaani, namba ya redio haijabadilika. Msitafute yunite. Bipuni mara moja na kukata, tutawarudishia asubuhi.

Na wewe, mama uliyenikataza kusema ni rezo: kama habari hii imekufikia, kwa macho yako au kwa mdomo wa jirani, bipu. Nitaiona.